Mdhamini wa Mwanafunzi ni wa Nani?

Ndugu msomaji, kijana wako akikujia na fomu ya mkopo wa chuo na kukuomba utie saini uwe mdhamini wake, huoni ugeni. Dhamana twaijua. Darasani tumesomeshwa kisa cha Abu Qatada (R.A.), aliyejitwika deni la dinari mbili la maiti ili Mtume (S.A.W.) apate kumsalia. Na wanavyuoni wengi wamesema kwamba mwenye kudhamini hachukui ujira kwa kudhamini kwake. Lishike neno hilo, maana nataka kukusimulia habari za wadhamini wa Marekani.

Mwaka 1956 jimbo la Massachusetts liliunda shirika lisilotafuta faida, kazi yake kuwadhamini wanafunzi waendao kukopa benki. Haja ilikuwa ya kweli. Kijana wa miaka 18 hana shamba wala nyumba ya kuweka rehani, na elimu iliyomo kichwani haipigwi mnada. Benki ilitaka mtu wa kushika, na shirika likasimama mahali pa mtu huyo. Majimbo mengine yakafuata, na mwaka 1960 likazaliwa shirika la United Student Aid Funds. Kisha tarehe 8 Novemba 1965 Rais Lyndon Johnson akatia saini sheria ya elimu ya juu, na serikali kuu ikawa, kwa maneno mepesi, mdhamini wa wadhamini. Mwanafunzi akishindwa, shirika huilipa benki, na serikali hulirudishia shirika karibu fedha zote. (Riba imo humo tangu mwanzo, na hukumu yake waijua, leo nazungumza juu ya dhamana tu.)

Sasa tazama kazi yenyewe. Mkopaji akianza kukawia, benki iliarifu shirika, nalo likamwandikia barua na kumpigia simu. Lilimweleza kwamba aweza kuomba muhula akiwa hana kazi, au kupunguziwa malipo yafuate mapato yake. Kuna waliokuwa hawajui kabisa kuwa haki hizo ziko, wakazificha barua za benki kwa hofu mpaka siku zikapita. Kumpa muhula mwenye dhiki sisi tumeamrishwa, basi hatuwezi kuidharau kazi hii kwa kuwa imefanywa na wengine.

Lakini ililipwaje? Kwa sheria ya 1998, kumzuia mkopaji asianguke kulilipwa asilimia 1 ya deni. Akiisha kuanguka, yaani siku 270 bila kulipa, shirika lililomwandama likapata fedha zake lilibakiza asilimia 24 ya ilichokusanya, na kuanzia 2003 asilimia 23. Kweli, hesabu hizi hazina msingi mmoja: ya kwanza ni ya deni zima, ya pili ni ya kilichopatikana tu. Hata hivyo, wewe mfanya biashara ungeshughulikia ipi kwa bidii? Sisemi kuwa watu wale walikuwa waovu. Nasema mizani iliwekwa hivyo, na mwanafunzi alikuwa na faida zaidi kwao akiwa amekwisha anguka.

Hata wao hawakusalimika. Mwaka 1990 shirika la Higher Education Assistance Foundation la Kansas, kubwa kuliko yote, lilianguka, kwa kuwa lilidhamini mikopo mingi ya wanafunzi wa vyuo vya ufundi vya kibiashara, na wengi wao hawakulipa.

Mwaka 2010 Rais Barack Obama alitia saini sheria nyingine, na tangu tarehe 1 Julai mwaka huo mikopo mipya ikatoka serikalini moja kwa moja. Mashirika yakabaki na mikopo ya zamani. Mwanamke mmoja aliyekuwa ameanguka alikubaliana na United Student Aid Funds kulipa kidogo kidogo, na wakati huo huo akaongezewa zaidi ya dola 4,500, eti gharama za kumdai. Akashitaki. Mahakama ya chini iliitupa kesi yake. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya Chicago ikairudisha, ikasema kwamba aliyekubali mapema kurudi kwenye malipo hakupasa kutozwa gharama za kumwandama.