Kanjo, Nairobi na waya: nani anatawala simu Eldoret?

Haya wasomaji, leo tuweke msimbo kando kidogo, tuzungumze historia. Juzi tingatinga lililokuwa likichimba mtaro lilikata faiba ya mtaa wetu. Tukiwa tumekaa bila mtandao, jirani akaniuliza: "Sasa hawa wa kaunti si waseme kitu?" Jibu fupi: kaunti ina sauti juu ya mtaro, lakini haina sauti juu ya waya. Jibu refu ni hili hapa.

Mji wetu wenyewe ulizaliwa na mawasiliano. Mwaka 1910 serikali ya kikoloni ilifungua posta kwenye shamba nambari 64, na ndiyo maana wengi bado wanauita Sisibo, yaani ile sitini na nne ya Kiingereza ilivyotamkwa na ndimi za hapa. Jina Eldoret lilikuja 1912. Posta kwanza, mji baadaye! Lakini posta hiyo haikuwa ya mji, ilikuwa ya serikali kuu. Mambo yakabaki hivyo.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, Kenya iliunda shirika lake la posta na simu, KPTC. Shirika hilo lilimiliki waya, liliuza huduma na lilijisimamia lenyewe. Ukitaka simu ya nyumbani, ulijaza fomu ukangoja, wengine kwa miaka. Diwani angeweza kukusemea kuhusu maji au taka. Kuhusu simu, naye alikuwa kwenye foleni kama wewe.

Kwingine haikuwa hivyo. Hull, Uingereza, ilipata leseni mwaka 1902, mji ukaendesha simu zake wenyewe kwa karibu karne nzima. Marekani nako, kampuni za televisheni ya kebo ziliomba kibali kwa miji, kwa sababu waya zilipita kwenye barabara za miji. Miji ilidai malipo, na mingine ikataka chaneli za wananchi. Mwaka 1984 sheria ikaweka kikomo: ada isizidi asilimia 5 ya mapato ya kebo.

Kwetu, Sheria ya Mawasiliano ya 1998 iliigawa KPTC mwaka 1999: Telkom Kenya, Posta, na msimamizi mpya, CCK, ambaye siku hizi anaitwa Mamlaka ya Mawasiliano. Leseni na masafa vikawa kazi yake. Ana ofisi hapa Eldoret, lakini ni ofisi ya Nairobi iliyoko Eldoret.

Je, kanjo ilibaki mikono mitupu? Hapana. Mwenye saiba au kibanda cha simu alilipia kibali cha biashara kwa Baraza la Manispaa. Na kwa sheria ya mipango ya 1996, ujenzi ulihitaji idhini ya baraza, hata mnara wa simu, ile tunayoita busta. Baraza halikuweza kukataa mawimbi, lakini liliweza kukataa mahali pa kusimamisha chuma.

Kisha mwaka 2009 kebo za baharini, SEACOM na TEAMS, zikafika Mombasa. Faiba ikaanza kupanda bara kwa kufuata barabara, na ghafla mtaro ukawa na thamani.

Katiba ya 2010 iliandika mgawanyo huu wazi katika Jedwali la Nne. Simu na utangazaji ni vya serikali ya kitaifa. Kaunti zikapewa barabara za kaunti, mipango ya ujenzi, na hata maonyesho ya video. Yaani kaunti inasimamia banda la video, lakini si kebo inayoleta filamu! Kwa lugha yetu ya programu: Nairobi ina nenosiri la msimamizi, kaunti ina ufunguo wa chumba cha seva.

Ufunguo huo unaweza kutumiwa vibaya. Faiba hupita kaunti nyingi kabla ya kufika Uasin Gishu, na kila mmoja akitoza apendavyo, anayelipa mwishowe ni mimi na wewe. Ndiyo maana Kifungu cha 209 kinakataza kaunti kutoza kodi kwa njia inayoumiza biashara kati ya kaunti.

Lakini ufunguo huo unaweza pia kutumiwa vizuri. Kabla ya kutoa idhini ya kuchimba, kaunti inaweza kudai ramani ya kilichozikwa hapo, na kutaka kampuni zichimbe pamoja mara moja badala ya kila moja kivyake. Haihitaji leseni wala masafa. Inahitaji daftari lililotunzwa vizuri.

Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilipewa hati ya kuwa jiji. Hati hiyo haikubadilisha Jedwali la Nne. Kwa hiyo jirani, swali lako nalirekebisha: usiulize kaunti mbona faiba imekatika, iulize nani aliruhusiwa kuchimba, na kwa ramani gani.

Huko kwenu mambo yakoje? Niandikieni hapo chini.