Saa, Ankara na Nge wa Misri

Nilikuwa kwenye ofisi ya wasanifu majengo, watu sita tu, nikiwawekea programu ya kuhesabu saa za kazi na kutoa ankara. Kuiweka kulichukua siku moja. Kuwafanya waandike saa zao ndiko kulikonitoa jasho. "Kijana, sisi ni wasanifu, si vibarua," mzee mwenye ofisi aliniambia.

Nikajiuliza: hivi mtindo huu ulianzia wapi?

Kumbe ni wa kale, tena wa mafundi wenyewe! Katika British Museum, London, kuna kipande cha jiwe kutoka Deir el-Medina, Misri, kijiji cha mafundi waliochonga makaburi ya mafarao. Kiliandikwa mwaka wa 40 wa utawala wa Ramses II, yapata 1250 K.K. Kina majina ya mafundi, siku walizokosa kazini, na sababu: huyu macho yanamuuma, yule kaumwa na nge, mwingine anatengeneza pombe.

Mashine ilikuja baadaye sana. Mwaka 1890 Willard Bundy, sonara wa Auburn, New York, alipata hataza ya saa ya kurekodi wafanyakazi. Biashara hiyo iliishia ndani ya kampuni iliyoundwa 1911, ambayo tangu 1924 inaitwa IBM. Naam, saa ya kiwandani ni mmoja wa mababu wa tarakilishi.

Kwa wasomi, Reginald Heber Smith, wakili wa Boston aliyejiunga na Hale and Dorr mwaka 1919, aliwataka mawakili waandike muda wao kwa vipande vya dakika sita, yaani sehemu ya kumi ya saa. Programu niliyoweka nayo hukata saa hivyo hivyo.

Wasanifu majengo walizoea kulipwa asilimia ya gharama ya jengo. Uingereza, viwango vya RIBA vilikuwa vya lazima hadi 1982. Ukilipwa hivyo, ni rahisi kutohesabu mchoro umerudiwa mara ngapi.

Basi nikamuiga karani wa Misri: nikaongeza sehemu ya "sababu". Mwezi ulipoisha, ripoti ilionyesha saa 31 za mteja mmoja aliyebadilisha jiko mara tano. Ankara ilikuwa imeshatumwa bila saa hizo.

Mzee alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe nilikuwa namchorea bure."

Pesa hizo hazikurudi. Lakini mkataba uliofuata ulitaja idadi ya marekebisho, na siku hizi mzee ndiye wa kwanza kuandika saa zake.