Pumzi ya Moshi na Baridi ya Spiriti

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Mtu asimamaye kando ya uwanda wa chumvi wa Bonneville, katika jimbo la Utah nchini Marekani, akaona pikipiki ikipita mfano wa risasi, huona mbio tu. Haoni miaka mia na zaidi ya fikira, hesabu, vyuma vilivyoyeyuka na watu waliokufa, ambayo ndiyo iliyoiunda. Tarehe 25 Septemba 2010 Rocky Robinson aliendesha hapo chombo kiitwacho Ack Attack, kilichobuniwa na Mike Akatiff wa California, kwa mwendo wa kilometa 605 kwa saa, ukiwa ni wastani wa safari mbili, ya kwenda na ya kurudi. Injini zake zilikuwa mbili, za Suzuki Hayabusa, pikipiki iliyoundwa kwa ajili ya barabara za kawaida. Lakini zilipuliziwa hewa kwa nguvu ya moshi wao wenyewe, na kinywaji chao kilikuwa methanoli badala ya petroli. Pumzi ile na kinywaji kile vilianza safari mbali, kila kimoja kwa njia yake. Habari za kukutana kwao ni habari za binadamu kujifunza jambo moja gumu, nalo ni kwamba kuzidisha nguvu ni kazi nyepesi, lakini kuihimili ni kazi nzito.

Kiini cha jambo ni hewa. Mafuta hayawaki pasipo hewa, na silinda haiingizi hewa zaidi ya ile inayoweza kuvutwa na pistoni yake. Kumimina mafuta mengi katika silinda iliyopungukiwa na hewa ni sawa na kurundika kuni jikoni kisha kuziba mlango na dirisha: hutoka moshi, wala si moto. Kwa sababu hiyo, tangu mwanzo wa karne ya 20 mafundi walitafuta njia ya kuisukumia injini hewa. Njia iliyokuwa dhahiri ni kufunga kompresa inayozungushwa na injini yenyewe kwa gia au kwa mnyororo. Kompresa ya namna hiyo ilifanya kazi vizuri, lakini ilikula sehemu ya nguvu ile ile iliyoizalisha, kama mpagazi alipwaye kwa kumegewa mzigo anaoubeba.

Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, aliona njia nyingine. Alizingatia kuwa moshi utokao katika injini huondoka na sehemu kubwa ya joto la mafuta, karibu theluthi nzima, ukaenda kupotea hewani bila faida. Mwaka wa 1905 aliandikisha uvumbuzi wake: gurudumu lenye mapanga liwekwe katika njia ya moshi, lizungushwe na moshi huo, na katika mhimili ule ule liwekwe gurudumu la pili la kusukuma hewa safi kwenye silinda. Hivyo kilichotupwa kikawa mtumishi. Lakini wazo lilitangulia chuma, kwa maana vyuma vya siku zile havikustahimili moto wa moshi na wepesi wa mzunguko kwa pamoja. Ilimchukua Büchi miaka 20 kupata ushindi usio na shaka. Katika miaka ya 1920 meli mbili za abiria za Wajerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilifungwa chombo chake, na injini zilizokuwa na nguvu za farasi 1,750 zikafikia 2,500 bila kuongezwa silinda hata moja. Huko Marekani, mwaka wa 1918, Sanford Moss alipeleka injini ya ndege juu ya mlima Pikes Peak, kimo cha meta 4,300 hivi, mahali ambapo hewa ni nyembamba. Injini iliyotoa nguvu za farasi 350 bondeni ilishuka hadi 230 kileleni. Ilipofungwa chombo kilichozungushwa na moshi, ikapanda hadi 356. Chombo hicho ndicho kiitwacho turbo.

Methanoli ina nasaba nyingine kabisa. Robert Boyle aliitenga mwaka wa 1661 kutoka katika majimaji yaliyopatikana kwa kuchoma mbao pasipo hewa, na kwa muda mrefu ilijulikana kuwa ni spiriti ya miti. Mwaka wa 1923 kampuni ya BASF ilianza kuitengeneza kwa wingi kutokana na gesi katika kiwanda cha Leuna, Ujerumani, nayo ikawa rahisi kupatikana. Watu wengi hudhani kwamba wakimbizaji wa magari na pikipiki waliipenda kwa ukali wake. Ukweli ni kinyume cha hayo. Kilo moja ya methanoli ina joto lisilofika hata nusu ya joto la kilo moja ya petroli. Sifa yake ni baridi. Igeukapo kuwa mvuke, hufyonza joto kiasi cha mara 3 ya petroli kwa kila kilo; na kwa kuwa injini huhitaji kuinywa zaidi ya mara 2 ili kutumia hewa ile ile, baridi inayoingia silindani hufika karibu mara 7.

Faida ya baridi hiyo hufahamika kwa kujua adui mkubwa wa injini iliyosukumiwa hewa. Hewa ikigandamizwa hupata joto: ile ya nyuzi 20, ikishindiliwa mpaka mgandamizo wake uwe maradufu, hupita nyuzi 80 kabla haijafika katika silinda. Hapo mchanganyiko hauungoji moto wa plagi uufikie, bali mabaki yake hulipuka yenyewe kwa ghafla, na injini husikika ikigonga. Pistoni hutoboka, gasketi huungua, na kazi ya miezi huharibika katika nukta chache. Mwingereza Harry Ricardo alichunguza sana maradhi hayo, na akathibitisha kwamba mafuta ya jamii ya spiriti huyastahimili kuliko petroli. Basi turbo huleta joto, methanoli huliondoa. Kila kimoja ni dawa ya kasoro ya mwenzake.

Hata hivyo vitu hivyo viwili havikukutana mapema katika pikipiki. Katika miaka ya 1930 waliotawala ni watu wa kompresa. Karibu na uwanja wa mbio wa Brooklands, kusini ya London, Eric Fernihough alikuwa na karakana yake. Alikuwa msomi wa Cambridge, akajitia katika ufundi kwa mikono yake mwenyewe, mahali ambapo mafuta ya spiriti yalikuwa jambo la kila siku. Aprili 1937, katika barabara ya Gyón nchini Hungaria, alipanda pikipiki ya Brough Superior yenye injini ya JAP iliyofungwa kompresa, akafikia karibu kilometa 273 kwa saa, mwendo ambao haujapata kufikiwa na pikipiki yoyote. Lakini mwaka haukuisha kabla sifa hiyo haijamtoka. Oktoba Mtaliano Piero Taruffi alimpita kidogo kwa pikipiki ya Gilera, na Novemba Mjerumani Ernst Henne, kwa BMW ya sentimeta 500 za ujazo, nusu ya injini ya Fernihough, akafika 279. Nyuma ya Henne palikuwa na kiwanda kikubwa na barabara kuu mpya. Nyuma ya Fernihough palikuwa na karakana ndogo na marafiki. Aprili 1938 alirudi Gyón ili airejeshe sifa yake. Katika mwendo mkali pikipiki iliacha njia, naye akafa, akiwa na umri wa miaka 33 tu.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni, wasema watu wa pwani, na mithali hiyo ingeweza kuandikwa juu ya miaka ile yote. Mwaka wa 1939 Georg Meier alishinda mbio kubwa za Isle of Man kwa BMW yenye kompresa, kisha vita vikafunga viwanja. Vita vilipokwisha, mwaka wa 1946, wasimamizi wa mbio za pikipiki duniani walipiga marufuku kompresa katika mashindano ya kawaida. Waliotaka kuendelea na elimu hiyo walibaki na uwanja mmoja tu, nao ni kushindana na saa. Rekodi ya Henne ilikaa miaka 14, mpaka Wilhelm Herz wa kiwanda cha NSU alipoivunja mwaka wa 1951 kwa kilometa 290. Agosti 1956, huko Bonneville, Herz huyo huyo alipita kilometa 335 kwa chombo kilichofunikwa gamba laini kama samaki. Wazee wa NSU walikuwa wamejifunza yale ambayo gharama yake ni maisha: nguvu ya injini ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni umbo, tairi, njia na upepo.

Turbo ilichelewa kwa sababu ya udogo wa pikipiki. Kwa meli, gurudumu la moshi linaweza kuwa kubwa na la polepole. Kwa injini ndogo lazima liwe dogo kama kikombe, na lizunguke zaidi ya mara 100,000 kwa dakika likiwa limewiva kwa moto. Vyuma vya kustahimili hayo vilizaliwa katika ndege za vita. Katika vita hivyo hivyo Wajerumani walinyunyizia maji yaliyochanganywa na methanoli katika injini za ndege zao ili zisigonge rubani alipotaka nguvu ya ghafla. Mwaka wa 1962 gari la Oldsmobile Jetfire liliuzwa Marekani likiwa na turbo pamoja na tangi dogo la maji na methanoli kwa kazi hiyo hiyo. Wenye magari walisahau kulijaza tangi hilo, na gari halikudumu sokoni. Agosti 1978 Don Vesco, kwa chombo chenye injini mbili za Kawasaki zilizofungwa turbo, alipita kilometa 512 kwa saa, na rekodi yake ikasimama hadi mwaka wa 1990.

Yafaa kutazama kazi yenyewe inavyofanywa karakanani, maana humo ndimo hekima ilimowekwa. Fundi huanza kwa kupunguza, si kwa kuongeza. Huchukua injini ya barabarani, akatoa pistoni zake, akatia nyingine zilizofuliwa, ambazo zinaacha nafasi kubwa zaidi juu ya silinda, ili hewa iliyokwisha kugandamizwa na turbo isije ikagandamizwa kupita kiasi. Hubadili konrodi kwa za chuma kigumu, na bolti za kichwa cha silinda kwa zile zisizonyooka. Huunganisha mabomba ya moshi yawe njia moja hadi kwenye turbo, na hapo huweka valvu ya kuupisha moshi kando shindikizo lifikapo kipimo alichokiweka. Pampu na njia za mafuta huzipanua zaidi ya maradufu, kwani petroli huchanganywa na hewa sehemu moja kwa 14 na ushei, ilhali methanoli ni moja kwa 6 na ushei.

Kisha huanza kupima. Huwasha kwa shindikizo dogo na mafuta mengi, akakimbiza kidogo, akazima, akang'oa plagi na kuzichungua kwa kioo cha kukuza. Methanoli haiachi masizi kama petroli, kwa hiyo fundi husoma alama ya joto kwenye ncha ya chuma. Akiridhika, huongeza shindikizo kidogo, akarudia. Methanoli humsamehe azidishaye mafuta, kwani nguvu hupungua kidogo tu na baridi huongezeka. Lakini haimsamehi ayapunguzaye. Asubuhi ya baridi huwaka kwa shida, ingawa bomba la hewa huota ukungu wa barafu injini ikiwa kazini. Hula alumini, hunyonya maji, na kwa hiyo baada ya mbio mabomba husafishwa kwa petroli. Ni sumu ipofushayo macho hata kwa kiasi kidogo, na mwali wake hauonekani mchana: mtu aweza kuungua huku wenzake wakimwangalia wasijue.

Hivyo ndivyo historia hii inavyorudi ilikoanzia. Büchi alikusanya kilichopotea, naye akangoja miaka 20 hadi chuma kilipolingana na wazo. Waliomfuata waligundua kuwa mafuta yaliyofaa kwa nguvu kubwa ni yale dhaifu yenye ubaridi. Fernihough alikuwa na elimu na ushujaa, lakini muda alinyang'anywa na ushindani. Fundi anayeichungua plagi yake kabla ya kuongeza shindikizo kidogo tena, hata saa ikimhimiza, anafanya kitendo ambacho kwa waliomtangulia kimelipiwa tayari.