Lugulu: Mlima wa Kanisa na Chinyimba

Ukipanda matatu Kitale ya kwenda Webuye, ukishapita Misikhu mwambie konda akushushe Lugulu. Jina lenyewe ni mlima. Wengi wetu tunajua hospitali na shule ya wasichana, basi.

Lakini wasee, hapa kuna historia. 1895 Wabukusu walipigana na Waingereza pale Chetambe, juu ya Webuye, wakashindwa na bunduki. Miaka saba baadaye, 1902, Wamarekani watatu wa Friends, yaani Quaker, wakafika Kaimosi. Imani yao ikapanda hadi Lugulu: haina ubatizo wa maji, na vita haitaki. Hebu fikiria, watoto wa walioshindwa kwa bunduki wakasomeshwa na watu wanaokataa bunduki! Leo Kenya ndiyo yenye Quaker wengi zaidi duniani.

Shida ilikuwa mila. Elijah Masinde wa Kimilili alikuwa Friends, akaoa mke wa pili, wakamtoa. Akaongoza Dini ya Msambwa, serikali ikaipiga marufuku 1948.

Kukhu yangu hakuchagua upande. Jumapili hakukosa kanisa. Agosti ya mwaka shufwa, chinyimba zikilia barabarani, alitoka nje kuuliza ni kijana wa nani anaenda kutahiriwa, halafu anataja ukoo wake wote hadi babu wa babu.

Kukhu alienda, na sikuwahi kumrekodi hata dakika moja. Wako bado yupo? Weka simu mezani, bonyeza rekodi, muulize. Usingoje Krismasi.