Herufi Nene na Cheo cha Neno

Mwanzoni mwa karne ya 19, mafundi wa herufi wa London walianza kutoa chapa nene isiyopata kuonekana vitabuni. Haikukusudiwa msomaji aliyetulia kitini, bali mpita njia. Ilibandikwa kutani kutangaza bahati nasibu, michezo na bidhaa. Mashina ya herufi hizo yalijaa wino, lakini vijiguu vya nchani vilikuwa vyembamba kama unywele, wala havikuhimili mtambo kwa muda mrefu.

Mwaka 1845 Robert Besley, wa kiwanda cha Fann Street, alitoa chapa iitwayo Clarendon. Vijiguu vilinenepeshwa na kuunganishwa na shina kwa mkunjo laini, hata herufi nene ikaweza kusimama katika mstari mmoja na herufi za kawaida. Hivyo herufi ya ukutani ikaingia kitabuni. Kazi yake iliyo bora ikawa kuonyesha neno linaloelezwa katika kamusi, kama ilivyofanywa katika kamusi kuu ya Kiingereza ya James Murray, iliyoanza kutolewa mwaka 1884.

Kiswahili kilikuwa na desturi yake. Waandishi wa pwani, waliotumia herufi za Kiarabu, waliweza kulitukuza neno kwa wino mwekundu au kwa kalamu pana. Lugha ilipopigwa chapa kwa herufi za Kilatini, ilipokea pia desturi za wapiga chapa wa Ulaya. Katika kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, atafutaye maana ya "alimpikia" hana budi kuvua viambishi kwanza, ndipo alikute shina "pika" limesimama kwa wino mzito.

Lakini wino huo una hukumu ndani yake. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na tangu 1930 kamati ya lugha ikasimamia usanifu huo. Nyakisasa, katika nchi ya Ngara, iko mbali sana na Unguja. Wahangaza na Washubi wa wilaya hiyo wana lugha zao, na mtoto wao alikikuta Kiswahili sanifu shuleni, kikiwa kimekwisha kuamuliwa. Neno alilolisikia sokoni, likikosa herufi nene, lilionekana kuwa kosa, ingawa kila aliyelisikia alilielewa.

Mwaka 1981 Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilipotolewa Dar es Salaam, neno kuu lilielezwa kwa Kiswahili chenyewe, si kwa Kiingereza. Hayo yalikuwa mageuzi makubwa. Hata hivyo swali la Nyakisasa lilibaki pale pale. Unene wa herufi humwambia msomaji neno lipi limekubaliwa. Haumwambii nani aliyelikubali, wala ni maneno mangapi yaliyoachwa nje ya mlango. Hayo ni kazi ya mwanahistoria wa lugha kuyatafuta.