Nguzo ya Nyumba Nayo Huchoka

Ndugu msikilizaji, tumezoea kusema mama ndiye nguzo ya nyumba. Ni sifa tamu masikioni. Lakini kazi ya nguzo ni kubeba, na nguzo haiulizwi kama imechoka.

Huku kwetu Shirimatunda na milimani juu, mama anapojifungua hupikiwa mtori, akatunzwa na kupumzishwa. Siku za uzazi zikiisha, anarudia majani ya ng'ombe, kuni na mkungu wa ndizi wa kupeleka sokoni Mbuyuni au Kiborloni. Kazi hiyo tunaiona kila siku, ndiyo maana hatuioni tena.

Wasanii wanawake waliiona. Huko Marekani Mierle Laderman Ukeles, baada ya kuwa mama, alitangaza mwaka 1969 kwamba kupika, kufua na kusafisha ni sanaa. Mwaka 1973 alipiga deki ngazi za jumba la makumbusho mjini Hartford, watu wakitazama.

Hapa nyumbani, mwaka 1982 ulichapishwa mchezo wa kuigiza Nguzo Mama. Mwandishi wake ni Penina Muhando, mzaliwa wa Berega, Morogoro, aliyekuwa mwalimu wa sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ulikuwa Muongo wa Wanawake wa Umoja wa Mataifa, 1976 hadi 1985, na hotuba zilikuwa nyingi. Yeye alileta msimulizi, nyimbo na ngoma, kama katika hadithi zetu za jioni. Katika kijiji cha Patata, wanawake wanatakiwa kuisimamisha nguzo iliyolala chini. Wanajaribu, haisimami. Kila mmoja anavutwa na ya nyumbani kwake.

Wako watakaosema: si unaona, wanawake hawana umoja! Mimi nasema hilo ni jibu la haraka. Mtu mwenye mtoto mgongoni na mzigo kichwani atainua nguzo kwa mkono upi? Ukeles alituonyesha kazi isiyoonekana. Muhando alikwenda mbele zaidi: alituonyesha kwamba kazi hiyo hiyo ndiyo inayomzuia mama asijikomboe.

Basi baba mwenzangu, uliyekaa hapo na redio yako, kabla hatujamwimbia mama sifa nyingine, tuulizane: mkungu wa leo kaubeba nani? Tukiupokea huo, mikono ya kuinua nguzo itapatikana.

Hadi juma lijalo, kwaheri.