Jumba la Jodhpur Lililojengwa Wakati wa Njaa

Wasikilizaji wetu, jioni hii tumekusudia kuieleza nyumba moja iliyo katika mji wa Jodhpur, magharibi ya Bara Hindi. Nyumba hiyo ina vyumba 347, na kuba lake huonekana toka mbali kabla mtu hajaingia mjini. Ilijengwa na mfalme ili akae humo yeye na jamaa zake. Siku hizi sehemu yake moja ni hoteli, na mtu yeyote mwenye fedha za kutosha, awe mzaliwa wa nchi ile au mgeni wa ng'ambo, aweza kulipa akalala humo. Lakini si fahari yake iliyotufanya tuichague. Majumba ya wafalme ni mengi duniani, na mengi yalijengwa kwa jasho la watu walioondolewa mashambani mwao kwa nguvu. Hili lilijengwa ili watu wa mashambani wapate kula. Wako walisifuo kwa sababu hiyo, na wako walilaumuo. Nasi tutaeleza mambo yalivyokuwa.

Kwanza tuitazame nchi. Jodhpur ulikuwa mji mkuu wa dola iliyoitwa Marwar, na wako wasemao kuwa maana ya jina hilo ni nchi ya mauti. Mji uliasisiwa mwaka wa 1459 na Rao Jodha, wa ukoo wa Rathore, aliyejenga ngome yake juu ya mwamba mkubwa. Ngome hiyo, iitwayo Mehrangarh, ingali imesimama hata leo. Upande wa magharibi ni jangwa la Thar. Mvua za huko huletwa na pepo za kusi, pepo zile zile ambazo mabaharia wa pwani yetu walikuwa wakizingojea ili kuvusha majahazi yao mpaka Bara Hindi. Pepo hizo zikikutana na milima iliyozikabili, hupanda juu na kumwaga maji. Lakini milima ya Aravalli imelala sawasawa na njia yao, basi mawingu hupita kando bila kuzuiwa, na Marwar hupata mvua haba. Mkulima wa huko hupanda uwele, kwa kuwa uwele huvumilia ukame, naye hufuga ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia. Mvua ikikosa mwaka mmoja, huishi kwa akiba. Ikikosa mwaka wa pili, huhama na wanyama wake. Ikikosa mwaka wa tatu, hana tena la kufanya.

Njaa iliyokumbukwa kuliko zote ni ile ya miaka ya 1899 na 1900. Watu wa huko huiita Chhappaniya, yaani ya hamsini na sita, kwa kuwa katika hesabu yao ya miaka, iitwayo ya Vikram, ulikuwa mwaka wa 1956. Watu wengi mno walikufa, na ng'ombe wengi zaidi. Mfalme tunayemsimulia alizaliwa miaka michache tu baada ya msiba huo, mwaka wa 1903, wakati habari zake zilipokuwa bado mbichi vinywani mwa watu. Jina lake Umaid Singh. Alirithi kiti cha enzi mwaka wa 1918, baada ya kufa kwa ndugu yake mkubwa, akiwa bado kijana. Alikuwa mtu wa mambo mapya: alipenda sana ndege, akajifunza kuziendesha mwenyewe, hata akajenga kiwanja cha ndege katika mji wake, na ndege zilizotoka Ulaya kwenda mashariki zikawa zikitua hapo.

Katika miaka ya 1920 mvua zilikosa tena, mwaka baada ya mwaka, na wakulima wakaenda kwa mfalme kuomba msaada. Hapa yatupasa kueleza desturi moja ya Bara Hindi. Wakati wa njaa chakula kilikuwapo mara nyingi katika nchi za jirani, nayo magari ya moshi yaliweza kukileta. Kilichokosekana ni fedha mikononi mwa maskini za kukinunulia. Kwa hiyo tangu miaka ya 1880 Serikali ya Waingereza ilikuwa na sheria zake za njaa, na katika sheria hizo watu wenye nguvu hawakupewa chakula bure, bali walipewa kazi ya kutengeneza barabara, kuchimba mabwawa na kuponda mawe, wakalipwa ujira. Wala jambo hili halikuwa geni kwa wenyeji. Mwaka wa 1784, katika mji wa Lucknow, Nawabu Asaf-ud-Daula alianza kujenga jumba kubwa la ibada, Bara Imambara, ili watu wake wenye njaa wapate riziki. Husimuliwa kuwa mafundi walijenga mchana, na usiku watu wa heshima waliofilisika waliletwa kulibomoa lililojengwa, ili nao wapate ujira bila kuonekana nyuso zao. Kama kisa hicho ni kweli au la, chaonyesha kwamba wenyeji walijua vema kuwa njaa ina aibu yake pia.

Basi tarehe 18 Novemba, mwaka wa 1929, jiwe la msingi liliwekwa juu ya kilima cha Chittar, nje ya mji wa Jodhpur. Mchoraji wa ramani alikuwa Mwingereza, Henry Vaughan Lanchester, ambaye zamani alikuwa mmoja wa wachoraji wa jumba la baraza la mji wa Cardiff. Kazi iliendelea hata mwaka wa 1943, na watu waliofanya kazi hapo walikuwa kati ya 2,000 na 3,000. Gharama yake hutajwa kuwa rupia milioni 11 hivi. Na wazee wa pwani yetu waijua rupia, maana ndiyo fedha waliyotumia babu zao kabla ya kuja shilingi.

Mtu akiangalia kazi yenyewe ataona kuwa haikuchaguliwa kwa kutaka kuimaliza upesi, bali kwa kutaka mikono mingi. Reli ya maili kadha ilitandikwa ili kuleta mawe toka machimboni. Mawe hayo ni ya mchanga mgumu, yenye rangi kama ya asali. Yalichongwa moja moja, hili likiwa na ulimi na lile likiwa na pango la kuupokea ulimi huo, yakapachikana bila chokaa kati yao. Fundi akikosea upana wa kidole, jiwe halikai, nalo hurudishwa kuchongwa tena. Kilima chenyewe kilikuwa mwamba mtupu, usio na udongo wa kuotesha hata jani; kwa hiyo mashimo yalipasuliwa mwambani, na udongo ukaletwa kwa punda ili bustani ipate kupandwa. Fikiri, msikilizaji, punda wangapi walipanda kilima kile, na kila punda na mtu wake nyuma, na kila mtu ana watoto nyumbani wangojao unga.

Ndani hapakukosekana kitu. Kulikuwa na marumaru ya Makrana, milango ya msaji wa Burma, taa za umeme na mitambo ya kupoza hewa. Chini ya ardhi kulikuwa na birika la kuogelea lililopambwa kwa picha za nyota za falaki. Yaani birika la maji limechimbwa chini ya nyumba iliyojengwa kwa ajili ya ukosefu wa maji! Hapo ndipo wenye kulaumu wanapoanza maneno yao. Husema: Kama mfalme alitaka kuwasaidia watu wake, mbona asichimbe visima na mabwawa kwa fedha ile ile? Jumba halileti hata tone moja la maji. Mvua ikikosa tena, watu watakula mawe yaliyochongwa?

Nasi twaona kuwa swali hilo lina haki, ila haifai kulijibu kwa upande mmoja tu. Umaid Singh hakujenga jumba peke yake. Bwawa liitwalo Umaid Sagar lilichimbwa katika miaka ya 1930, na mwaka wa 1946 alianzisha kazi ya bwawa kubwa la mto Jawai, lililokamilika mwaka wa 1957, baada ya kufa kwake. Bwawa hilo lingali likiunywesha mji wa Pali na mashamba ya upande ule. Mtu akitaka kupima wema wa mfalme yule kwa mkulima, twadhani Jawai ni kipimo bora kuliko Chittar. Lakini mtu aliyebeba jiwe mwaka wa 1930 na jioni akarudi na unga hakuwa na nafasi ya kupima mambo hayo. Kwake yeye kazi ilikuwa uhai. Na kazi ile haikuisha pamoja na ukame mmoja. Ilidumu karibu miaka 14, muda wa kutosha mtoto aliyekuja kuchota kokoto aondoke akiwa fundi wa kuchonga.

Kisha vikaja Vita Vikuu vya Pili. Samani za jumba zilikuwa zimeagizwa kutoka London, na husimuliwa kuwa meli iliyozibeba ilizamishwa na Wajeremani mwaka wa 1942. Wakati huo alikuwako Bara Hindi mchoraji mmoja wa Kipoland, Stefan Norblin, aliyeikimbia nchi yake Wajeremani walipoivamia mwaka wa 1939, akapita nchi nyingi mpaka kufika huko. Mfalme alimpa kazi ya kuchora samani mpya na kupamba kuta. Mtu yule asiye na nyumba akaketi katika nyumba kubwa kuliko zote za Marwar, akachora ukutani habari za Rama na Sita, ambao nao walifukuzwa katika mji wao wakakaa mwituni. Picha hizo zingaliko hata sasa, nazo zimetengenezwa upya baada ya kuharibiwa na hali ya hewa.

Umaid Singh alilikaa jumba lake kwa miaka minne tu. Alikufa mwezi wa Juni, mwaka wa 1947, na miezi miwili baadaye Bara Hindi ikapata uhuru. Wakati huo zilikuwako dola zaidi ya 500 za wafalme wenyeji, kubwa na ndogo, nazo ziliingizwa katika nchi mpya moja baada ya moja. Mwanawe, Hanwant Singh, alitia sahihi ya kuiunganisha Jodhpur na India, na mwaka wa 1949 Marwar ikawa sehemu ya jimbo la Rajasthan. Hanwant Singh alisimama katika uchaguzi, lakini alikufa kwa ajali ya ndege mwezi wa Januari, 1952, kabla ya kusikia kuwa ameshinda. Mtoto wake Gaj Singh alikuwa na umri wa miaka minne.

Wafalme walipoacha tawala zao waliahidiwa kulipwa fedha kila mwaka na Serikali, na ahadi hiyo iliandikwa katika sheria kuu ya nchi. Mwaka wa 1971 sheria ilibadilishwa. Malipo yakakoma, na vyeo vya kifalme havikutambuliwa tena. Wengi wa raia walifurahi, maana hawakuona sababu ya mtu kulipwa kwa kuzaliwa. Lakini kuta za majumba hazijui sheria. Mvua hupenya, kuba hutaka kusafishwa, bustani hutaka maji, na watumishi waliozaliwa humo hutaka mshahara. Gaj Singh, kijana wa miaka 23, alikuwa na vyumba 347 na hana dola. Wengine wa hali yake waliuza vitu vyao, au waliacha majumba yakabaki makao ya popo. Yeye aliifuata njia iliyokwisha funguliwa: jumba la Rambagh huko Jaipur lilifanywa hoteli mwaka wa 1957, na jumba lililo katikati ya ziwa la Pichola, huko Udaipur, mwaka wa 1963. Katika miaka ya 1970 Jodhpur nayo ikafungua milango. Jumba liligawanywa mara tatu: sehemu ya jamaa ya mfalme, sehemu ya makumbusho, na sehemu ya wageni. Tangu mwaka wa 2005 hoteli huendeshwa na kampuni ya Taj.

Mgeni alalaye humo leo hupanda kilima kwa gari, hupita kati ya bustani zenye tausi, kisha huingia chini ya kuba lenye urefu wa futi zaidi ya 100, ambako sauti ya nyayo humrudia. Hupewa chumba kimoja katika vyumba vipatavyo 70 vya hoteli. Bei ya usiku mmoja yaweza kuzidi mshahara wa mwezi mzima wa watu wengi wa mji ule, nasi hatuwezi kulisema jambo hilo bila kusita kidogo. Lakini fedha hizo ndizo ziwalipazo wapishi, watunza bustani, madobi na mafundi wa mawe. Nyumba iliyojengwa ili watu walipwe yafanya kazi ile ile tena, ila zamani mlipaji alikuwa hazina ya dola, na siku hizi ni mgeni.

Asiye na fedha za chumba hununua tikiti ya makumbusho, akaingia kwa mlango mwingine. Humo huona saa za kila namna, vyombo vya mezani, na picha za mfalme na ndege zake. Nje yamewekwa magari ya zamani. Wanakijiji huja na watoto wao siku za sikukuu, hutembea polepole, na wengine wao hulitaja jumba kwa jina la kilima, Chittar, jina ambalo watu wa Jodhpur waliliita tangu siku za kubeba mawe.